Mwenye kubeba mzigo naye husikia baridi

  

Ndugu msomaji, mwezi wa saba uliopita, baada ya sala ya Alfajiri, mama mmoja wa jirani zetu hapa Matambarale alinisubiri chini ya mwembe ulio mbele ya msikiti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia shida yake bila kuzunguka.

"Katibu, mwanangu amepata kazi Moshi. Ni kazi ya kuwabebea wageni mizigo mlimani. Fedha za ufuta zimetoka juzi. Naomba mambo mawili. La kwanza, barua ya msikiti ya kumtambulisha. La pili, wewe umesoma, niambie nimnunulie nini. Wenzake wanasema buti la mvua linatosha."

Kalamu ilikuwa mfukoni na mhuri ulikuwa kabatini. Barua ya namna hiyo huchukua dakika tano. Nilimwambia, "Mama, nipe siku tatu." Akanitazama kwa mshangao, kwa kuwa si desturi yangu kumcheleweshea mtu barua. Sikumweleza sababu siku ile. Leo naieleza hapa, kwa sababu naamini wako wazazi wengi, na makatibu wengi wa misikiti, watakaojiona ndani yake.

Barua ya dakika tano

Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa shangazi yangu aliondoka hapa kwenda Kilimanjaro kufanya kazi hiyo hiyo. Barua yake niliiandika mimi. Niliandika kuwa ni kijana mwaminifu, mwenye kuhifadhi sala, asiyejua ulevi wala wizi. Yote yalikuwa kweli. Sikumuuliza atavaa nini, atabeba kilo ngapi, atalala wapi, wala nani atamshusha akiugua. Nilimwombea dua, nikampa mkono, nikarudi kwenye daftari la michango.

Alipanda mlima akiwa na suruali mbili za jinzi, raba iliyopasuka unyayo na koti la kuazima. Alibeba hema la wageni na mtungi wa gesi. Usiku wa tatu mvua iliyowanyeshea mchana iligeuka theluji. Jinzi ililowa na haikukauka. Asubuhi wenzake walimwona akitembea kama mlevi na kuzungumza maneno yasiyoungana. Wapagazi wawili, Mwenyezi Mungu awalipe, waliuweka mzigo wake chini na kumshusha wakimshika huku na huku. Maisha yake yalisalimika. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa. Aliyemwajiri alimlipa siku alizofanya kazi, basi.

Sasa anatengeneza baiskeli hapa kijijini. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila ninapomwona akivua viatu mlangoni mwa msikiti, naikumbuka barua ile ya dakika tano. Nilishuhudia juu ya tabia yake nikausahau mwili wake. Na mwili nao ni amana.

Kwa hiyo siku tatu nilizoomba nilizitumia kuuliza. Niliongea na mtoto wa shangazi, na kupitia kwake nikazungumza kwa simu na watu waliozeeka katika kazi ile. Niliyoyapata ndiyo haya.

Mlima tunaouzungumzia

Sisi tumezaliwa katika nchi ya mikorosho na ufuta, mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu ni ile ya mwezi wa saba, ambayo shuka moja huimaliza. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Kwa kadiri, kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: aliyeondoka Lindi kwenye nyuzi 28 atakuta huko juu maji yameganda ndani ya chupa, na upepo wa usiku huzidisha ukali wa baridi hiyo.

La pili ni hewa. Kileleni mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, na kila pumzi huleta nusu ya kile ambacho mwili umezoea. Mwili huweza kujifunza hali hiyo ukipewa muda. Ndiyo maana waongozaji husema "pole pole" tangu langoni hadi juu. Waganga wa milima wanashauri kwamba mtu akivuka mita 3,000 asipandishe mahali pake pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kupumzika. Njia ya Marangu huanzia yapata mita 1,900 langoni, hupita vibanda vya Mandara na Horombo, kisha Kibo kwenye mita 4,700 hivi. Anayeikimbiza njia hiyo ili apunguze gharama ya siku moja anacheza na uhai wake.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko lazima kila mzazi na kila kijana azijue. Huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi. Hapo mtu hasongi mbele mpaka atulie. Zikija dalili nyingine, yaani kuhema akiwa amekaa, kikohozi chenye povu, kuyumba au kuchanganyikiwa, dawa ya kwanza ni kushuka, saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Mwenye kupenda sifa huzificha dalili hizi. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita "wagumu", na ni kweli ni wagumu. Lakini ugumu wa kuficha maradhi umewazika wengi.

Waliotutangulia katika kupanga

Kuna kisa kinachotufaa. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kukipanda Kibo mwaka 1887, akarudishwa na barafu kwa kuwa hakuwa na vifaa vyake. Mwaka 1888 alirudi, lakini hakufika hata mlimani. Pwani ilikuwa imewaka kwa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, naye akakamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakatoka kwa fidia. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu akiwa na Ludwig Purtscheller, mjuzi wa milima ya barafu kutoka Austria.

Safari hii alibadili mpango. Aliweka kambi za daraja daraja, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, ili wapandaji wakishindwa siku moja wasilazimike kushuka hadi chini. Na kweli, tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kasoko wakaishiwa nguvu, wakarudi kambini, wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama kileleni. Huko Marangu anatajwa sana Yohani Kinyala Lauwo kuwa aliwaongoza. Na katika kambi ya juu, kwenye baridi ambayo wapagazi wengine hawakuweza kuistahimili, alibaki nao mtu mmoja wa pwani, Mwini Amani wa Pangani, akilinda kambi na kutunza moto na chakula. Jina hili wachache wetu tulifundishwa shuleni. Bila uji wa Mwini Amani, sijui hao wawili wangefika wapi.

Nasi watu wa Ruangwa na Nachingwea tuna mafunzo yetu nyumbani. Narungombe, iliyo katika wilaya yetu, ilikuwa uwanja wa vita tarehe 19 Julai 1917, Waingereza na Wajerumani wakipigana juu ya ardhi ya babu zetu. Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita ile, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Tunanunua kanga pale bila kuwakumbuka.

Tena, wazee wa Nachingwea wanaukumbuka mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta, mabuldoza na mainjinia, ikajenga bandari ya Mtwara na reli hadi Nachingwea. Vifaa vilikuwa vingi mno. Kilichokosekana ni kuuliza kwanza: udongo huu ukoje, mvua yake ikoje, wenyeji wake wanasemaje? Mwaka 1951 mpango ulitupwa, paundi zaidi ya milioni 30 zikiwa zimepotea, na reli ikaja kung'olewa. Vifaa bila elimu ni chuma tu. Na elimu bila vifaa, kama nilivyomwona mtoto wa shangazi yangu, ni vidole viwili vilivyokatwa.

Mavazi na vifaa

Sasa nirudi kwa yule mama na fedha zake za ufuta. Hii ndiyo orodha niliyomwandikia, kwa mpangilio wa umuhimu, ili fedha ikiisha njiani ziwe zimenunuliwa zile zenye kuokoa maisha.

Kwanza miguu. Viatu vya buti vyenye kufunika fundo la mguu, unyayo mzito wenye meno, visivyopitisha maji, na vilivyokwisha kuvaliwa nyumbani wiki mbili au tatu kabla ya safari. Kiatu kipya mlimani ni adui. Buti la mpira la shambani huzuia maji ya nje lakini hufungia jasho ndani, na jasho hilo usiku huwa barafu. Soksi nzito za sufi jozi tatu, jozi moja isiguswe ila wakati wa kulala.

Pili kiwiliwili. Nguo ziwe tabaka tatu. Ya kwanza ishike mwili na inyonye jasho. Ya pili ilete joto, kama sweta la sufi au koti lenye manyoya laini. Ya tatu izuie mvua na upepo, koti na suruali yake. Hapa niliandika kwa herufi kubwa: ASIVAE JINZI WALA PAMBA. Pamba, tunayoipenda kwa joto la Lindi, ikilowa huko juu haikauki, na hunyonya joto la mwili badala ya kulitunza.

Tatu kichwa na mikono. Kofia ya sufi yenye kufunika masikio, kitambaa cha shingo, glavu nyembamba na juu yake glavu nzito. Miwani ya jua nayo si ya urembo, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho.

Nne usiku. Mfuko wa kulalia wa baridi kali na godoro jembamba la kuweka chini yake, kwa sababu ardhi hunyang'anya joto kuliko hewa. Tochi ya kichwani yenye betri za akiba. Chupa za maji, maana mpandaji huhitaji lita tatu hivi kwa siku. Mfuko wa nailoni wa kuhifadhi nguo kavu.

Mama alipoisikia orodha alishika kifua. "Katibu, ufuta wangu ni magunia manne!" Nikamtuliza. Vingi katika hivyo hupatikana kwa bei ya mitumba katika soko la Memorial pale Moshi. Tena uko mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wenye ofisi Moshi, unaojulikana kwa kifupi chake KPAP, ambao huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Kijana asione haya kwenda kuazima. Haya ya kuazima koti ni ndogo kuliko haya ya kurudishwa kwenye machela.

Maswali kabla ya kutia saini

Kifaa kikubwa kuliko vyote hakiuzwi sokoni, nacho ni swali. Niliyaandika maswali haya, kijana ayaulize kwa mwajiri kabla hajapanda gari la kwenda langoni.

Mzigo una kilo ngapi? Mzigo wa kampuni anaobebeshwa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na langoni uko mzani. Ujanja upo wa kuuongeza mzigo mkishauacha mzani nyuma, basi aulize na hilo.

Nitalala wapi? Hema la kulala wapagazi liwepo, lisilovuja, si kujibana ndani ya hema la kulia chakula baada ya wageni kumaliza.

Nitakula mara ngapi? Mwenye kubeba kilo 20 juu ya mita 4,000 kwa mlo mmoja wa ugali anajichoma mwenyewe kama kuni.

Nitalipwa kiasi gani, lini, na bahshishi inagawanywa mbele ya nani? Jibu liandikwe. Mkataba wa maneno mlimani huyeyuka pamoja na theluji.

Nikiugua, nani atanishusha, nani atalipa hospitali, na je, siku zangu zitalipwa?

Kisha liko swali la sisi wenyewe nyumbani: mwili wa kijana huyu unafaa? Katika ukanda wetu wapo watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa huo hafai kabisa kupelekwa kwenye hewa nyembamba, kwa kuwa damu yake huweza kuziba mishipa na kumwua. Hata aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja na hajioni mgonjwa, amwone daktari kwanza. Vivyo hivyo mwenye pumu au moyo. Kipimo cha damu ni gharama ndogo. Na aliye chini ya miaka 18 asiandikiwe barua na mtu yeyote.

Dini yetu imesemaje

Wako watakaosema, "Katibu, tawakkul iko wapi?" Iko pale pale Mtume (s.a.w.) alipomwelekeza yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga. Amfunge kwanza, kisha ategemee. Na tunajua habari ya watu waliokuwa wakienda Hija bila masurufu wakijiita wenye kutegemea, wakifika Makka huombaomba, wakaamrishwa kuchukua masurufu ya njiani. Kuvaa koti si upungufu wa imani.

Lakini mafundisho yanayonigusa zaidi katika jambo hili ni yale aliyofunzwa Abu Dharr (r.a.) kuhusu watu walio chini ya mikono yetu: tuwalishe katika tunachokula, tuwavishe katika tunachovaa, tusiwabebeshe kilicho juu ya nguvu zao, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Sijaona kanuni ya safari ya mlima iliyo fupi na timilifu kuliko hiyo. Na lile agizo la kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka lina maana nyingine huko juu, ambako jasho lisilokauka huganda mwilini.

Kuhusu ibada, kijana ajifunze kabla ya kuondoka. Yeye ni msafiri. Sala za rakaa nne huzipunguza ziwe mbili, na huweza kukusanya. Msafiri aliyevaa khofu akiwa na udhu kamili hupangusa juu yake siku tatu, usiku na mchana, na maulamaa wameyajadili masharti yake. Buti lenye kufunika fundo la mguu alipeleke kwa sheikh wake alitazame. Maji yakiwa ya kudhuru kwa baridi kali, iko rukhsa ya kutayamamu, na kisa cha Amr bin al-Aas (r.a.) katika usiku wa baridi ni mashuhuri. Kibla kwake ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo. Safari ikimkuta Ramadhani, msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, naye asijitie katika maangamizi kwa kuogopa maneno ya watu.

Kwa wanaopanda kama wageni

Familia zetu za mjini nazo sasa hupanga safari za Kilimanjaro, kijana kwa kuhitimu chuo, baba kwa kutimiza miaka 50. Ni jambo jema. Kanuni za hifadhi zinataka kila mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, na mwongozaji huyo ndiye amiri wa msafara: akisema shuka, shuka. Imamu mwenye busara hufupisha sala kwa ajili ya mgonjwa na mzee walio nyuma yake. Vivyo hivyo msafara hutembea kwa mwendo wa aliye dhaifu.

Lakini uulize na bei. Ukiona kampuni moja inadai nusu ya bei ya wenzake, jiulize nusu ile imekatwa wapi. Ada za hifadhi hazikatiki. Basi imekatwa kwenye siku za kuzoea mwinuko, au kwenye sahani, hema na ujira wa yule aliyebeba begi lako. Yale maswali matano ya mpagazi, yaulize wewe pia ukiwa ofisini mwao, kwa kuwa wewe mwenye fedha utajibiwa. Langoni tazama miguu ya watu wako. Ukiona raba iliyopasuka, sema kabla hamjaanza kupanda.

Na hayo si ya Kilimanjaro pekee. Wanadamu wa kwetu wamefika hadi Himalaya. Wilfred Moshi alikuwa Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest, mita 8,849, mwaka 2012. Nadhira Al Harthy alikuwa mwanamke wa kwanza wa Oman kufika pale, mwaka 2019. Mkenya James Kagambi alifika mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 62. Hakuna kati yao aliyefika kwa nguvu za miguu yake tu. Mlima ule hutaka miaka ya matayarisho, wiki nyingi za kupanda na kushuka ili mwili uzoee, mitungi ya oksijeni, kamba na ngazi juu ya nyufa za barafu. Na kamba zile hutandazwa na watu. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka ikawaua wafanyakazi 16 wa Kinepali waliokuwa wakitayarisha njia na kupandisha mizigo ya wapandaji. Mkenya Cheruiyot Kirui alipofariki huko mwezi Mei 2024, mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa, alipotea pamoja naye. Kenya ilimlia mtoto wake, na ilikuwa haki yake. Katika nyumba moja ya Nepal nako walikuwapo waliolia.

Barua ya kurasa mbili

Siku ya tatu kamati yetu ilikaa baada ya Isha. Tuliafikiana mambo mawili. Kuanzia sasa barua ya utambulisho ya kijana anayekwenda kazi ya hatari, iwe mlimani, machimboni au baharini, itakuwa na ukurasa wa pili wenye maswali, na haitapigwa mhuri mpaka mzazi na kijana wayajibu mbele yetu. Pili, mfuko wa vijana utakopesha fedha za vifaa bila nyongeza yoyote, arudishe kidogo kidogo atakapolipwa. Mjumbe mmoja alilalamika kuwa msikiti si duka la makoti. Mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, hakusema neno. Alikunja tu mguu wake wa kushoto akauficha chini ya kanzu. Yule mjumbe aliuona, naye akaafiki.

Mama alipokea barua yake. Alinunua viatu kwanza, kama orodha ilivyosema, na kijana akavivaa wiki mbili akivuna mbaazi navyo, watoto wakimcheka. Alipofika Moshi aliazima koti na mfuko wa kulalia. Kisha akanipigia simu kutoka langoni: "Ustadhi, wamepima. Ni kilo 20 kamili. Nimeuliza na hema, lipo."

Tangu hapo amepanda na kushuka mara mbili salama, alhamdulillahi. Lakini sitamdanganya msomaji: bado simu ikilia usiku naamka na moyo unanidunda. Huenda hofu hiyo ndiyo ingalinifaa siku ile ya dakika tano.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wote wanaotafuta riziki ya halali mbali na nyumbani, awape waajiri wenye kumcha, na atusamehe sisi tuliowasindikiza kwa dua tupu. Wabillahi tawfiq.